Jinai haiozi, deni huoza

Hapa kwetu mtu akitaka kukutisha anakwambia, "Jinai haiozi." Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mdogo Kirumba, Mwanza, na kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo, nikakua nikiamini kwamba deni nalo haliozi. Ukishaandika jina la mtu kwenye daftari, yumo humo mpaka alipe. Hata akifa, msemaji wa familia atasimama makaburini kabla watu hawajatawanyika na kutangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, awaone wanafamilia. Nimezika watu wengi na sijawahi kusikia msemaji akiongeza, "ila madeni ya zaidi ya miaka sita yasiletwe."

Mahakamani, hata hivyo, ndivyo ilivyo: deni huoza. Nimelijua hilo kupitia mama yangu mdogo, na leo nataka nilisimulie kwa urefu, kwa sababu kila wiki nikipita Mwaloni, soko letu la samaki, naona watu wanaofanya kosa lilelile tulilofanya sisi.

Mama mdogo ni mtu wa dagaa. Anayeijua kazi hii anajua kwamba mwezi wetu una sehemu mbili: giza na mbalamwezi. Wakati wa giza mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga, kesho yake asubuhi ufukwe mzima umeanikwa. Mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika, wanashona nyavu na kufanya hesabu. Ahadi za malipo Mwaloni nazo zinafuata mzunguko huo. Mtu hakwambii "nitalipa tarehe 15", anakwambia "giza lijalo, mama". Dagaa wa kuanikwa kwenye chanja wanakwenda kuliwa. Wale wa mchangani wananunuliwa kwa ajili ya chakula cha kuku, na hao ndio mama mdogo aliowauza kwa wingi, fuso kwa fuso, kwa mnunuzi mmoja wa nje ya mkoa ambaye sitamtaja.

Mapema 2015 alimpelekea fuso tatu. Jumla shilingi 38,400,000. Waliandikiana karatasi moja, kwa mkono, kwamba fedha zote zitakuwa zimelipwa ifikapo tarehe 31 Mei 2015. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia daftari. Ninalo hadi leo, jalada lake limeshika mafuta ya dagaa, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ukilifungua bado linanuka mchanga na samaki. Ukurasa wa fuso ya tatu una alama ya kikombe cha chai.

Mei ikapita. Juni ikapita. Yule bwana hakukataa deni hata siku moja, na hilo ndilo lililotuponza. Angekana mapema tungekwenda mahakamani mapema. Yeye alipokea simu, akaita "mama", akauliza hali za watoto. Mwaka 2017 baba mdogo alipofariki, alisafiri akaja msibani, akakaa kwenye turubai na wanaume wengine siku nzima na kuacha rambirambi ya shilingi 50,000. Utamdai vipi mtu aliyekuzikia mume? Mama mdogo alinyamaza mwaka mzima baada ya hapo. Alipoanza tena kuuliza, yalikuwa maneno ya heshima: mwanangu, usinisahau. Naye akajibu kwa heshima: mama, siwezi kukusahau.

Sasa sikiliza sheria inavyosema. Tanzania tuna Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971, ambayo siku hizi ni Sura ya 89. Katika jedwali lake, madai yanayotokana na mkataba, na deni la kuuziana bidhaa ni mkataba hata kama mliandikiana kwenye karatasi ya daftari, yamepewa miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Haki ya kudai huzaliwa siku ile mwenzako alipopaswa kulipa akashindwa. Ukivuka maji kwenda Kisumu au Entebbe utakuta ni miaka sita vilevile kwa mkataba. Ziwa zima, basi, mfanyabiashara wa samaki ana miaka sita. Na kifungu cha 3 cha sheria yetu hakimpi hakimu nafasi ya huruma: kesi iliyoletwa nje ya muda lazima itupwe, hata kama mdaiwa mwenyewe hakuusema ukomo katika utetezi wake. Usitegemee kwamba mpinzani wako atasahau.

Kusubiriana na kubembelezana hakusimamishi saa. Mahakama Kuu ililisema hilo katika shauri la Makamba Kigome dhidi ya Ubungo Farm Implements, kwamba mazungumzo ya wahusika hayaongezi muda. Niliposoma hilo mara ya kwanza niliona ni ukatili. Simu zote zile, "mama shikamoo" zote zile, kwa sheria zilikuwa sawa na ukimya.

Liko jambo moja, hata hivyo, linaloirudisha saa mwanzo. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini, au akilipa sehemu ya deni, muda huanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kukiri au siku ya malipo ya mwisho. Yasome maneno hayo mara mbili, maana ndipo kisa chetu kilipo.

Tarehe 14 Novemba 2016 yule bwana alituma kwa simu shilingi 500,000. Laki tano, kati ya milioni thelathini na nane. Nakumbuka siku hiyo vizuri. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya gunia, akanipa simu nimsomee ujumbe, nikausoma, akaninyang'anya simu na kusema, "Amenitupia mfupa." Alinikataza kuiandika kwenye daftari. Alisema akiiandika atakuwa ameridhika kulipwa kidogo kidogo kama ombaomba. Nikamtii, ni mama yangu. Lakini ujumbe ulibaki kwenye simu.

Laki tano ile iliyomdhalilisha ndiyo iliyokuwa imempa uhai mpya wa miaka sita, hadi Novemba 2022. Sote hatukujua.

Februari 2022 ndipo alipokata shauri la kwenda mahakamani. Kiasi kilikuwa kikubwa kupita uwezo wa Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo ilikuwa Mahakama ya Wilaya, na huko mambo yanaendeshwa kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Tukampata mtu wa kutuandikia hati ya madai na baadaye kutusimamia. Alituuliza maswali kwa haraka. Alipofika kwenye malipo, mama mdogo akamwambia kuna laki tano alileta lakini mimi siihesabu. Yule mtu akasema ni sawa, tuiache, tusichanganye hesabu. Hati ikaandikwa kwamba mdaiwa anadaiwa shilingi 38,400,000 zote na hajalipa hata senti moja, na kwamba chanzo cha madai ni tarehe 31 Mei 2015.

Hesabu mwenyewe. Kutoka 31 Mei 2015, miaka sita inaishia mwisho wa Mei 2021. Sisi tumefungua Februari 2022. Kwa maneno yetu wenyewe, yaliyopigwa chapa na kusainiwa, tulikuwa tumechelewa kwa zaidi ya miezi minane.

Hati ya madai si barua ya malalamiko. Amri ya VII ya sheria ile ya mwenendo wa madai (kila Amri humo ni fungu la kanuni) inataka ueleze mambo yaliyozaa dai lako na lini yalitokea. Na kama unafungua kesi baada ya muda wa kawaida kupita, kanuni ya 6 inakutaka uandike humohumo sababu inayokuokoa na ukomo. Sababu yetu ilikuwepo, iko kwenye simu, ila haikuwa kwenye hati. Na mtu hufungwa na hati yake.

Mwezi uliofuata utetezi ulikuja, na juu yake pingamizi la awali: shauri liko nje ya muda. Pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu. Kesi inayotajwa kila mara hapa Afrika Mashariki ni ya Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors ya 1969, na humo ukomo wa muda umetolewa kama mfano mmojawapo wa pingamizi la namna hiyo. Linaamuliwa kwa kudhani kwamba yote yaliyoandikwa na mdai ni kweli. Hakimu haiti mashahidi, hafungui simu ya mtu, anasoma hati tu. Kwa hiyo mama mdogo, aliyekuwa ameshika simu mkononi kila tarehe ya kesi, akiwa tayari kumwonyesha hakimu ujumbe wa laki tano, hakuwa na nafasi ya kuuonyesha. Hati yake ilisema hajalipwa hata senti. Kwa pingamizi lile, hiyo ndiyo iliyokuwa kweli.

Hapa lazima nieleze kurekebisha hati, kwa sababu watu wengi wanaamini ukikosea mahakamani umekwisha, na wengine wanaamini utarekebisha wakati wowote upendao. Amri ya VI kanuni ya 17 inairuhusu mahakama, katika hatua yoyote, kumruhusu mhusika kurekebisha hati yake kwa masharti ya haki, ili suala halisi linalogombaniwa liamuliwe. Umekosea jina, umekosea jumla, umesahau tukio, unaomba. Ukiomba mapema, kabla usikilizwaji haujaanza, mahakama zinapaswa kuwa wepesi kukubali ikiwa mwenzako hataumizwa kwa namna ambayo gharama haziwezi kuifidia. Huo ni msimamo wa zamani, umo katika kesi ya Eastern Bakery dhidi ya Castelino ya 1958, iliyotoka Uganda. Na ukishapewa ruhusa usilale: kama mahakama haikutaja siku, una siku 14 za kuleta hati mpya.

Ni kama nyavu. Inashonwa mchana, ufukweni, mtumbwi haujatoka. Katikati ya maji, dagaa wameshaingia na tundu unaliona, utashona nini?

Kikwazo ni kwamba marekebisho hayatumiki kumnyang'anya mwenzako utetezi ambao muda umeshampa. Mzizi wa jambo hili ni kesi ya Uingereza ya 1887, Weldon dhidi ya Neal. Georgina Weldon alikuwa mwanamke wa London aliyejulikana kwa kujisimamia mwenyewe kesi nyingi katika miaka ile. Alifungua dai la kukashifiwa, kisha akarekebisha hati na kuongeza madai mengine, likiwemo la kushambuliwa na la kufungiwa isivyo halali. Madai hayo yalikuwa hai siku alipofungua kesi, lakini yalikuwa yameshakufa siku ya marekebisho. Mahakama ya Rufani ikakataa. Ingekubali, mdaiwa angepokonywa kinga aliyokwisha kuipata. Zaidi ya miaka 130 baadaye, mama wa dagaa wa Kirumba anasomewa kanuni hiyohiyo.

Na hapa kwetu kuna zuio jingine: pingamizi la awali likishawekwa mezani, huruhusiwi kukimbilia kurekebisha hati ili ulikwepe. Linaamuliwa kwanza.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kalenda. Pingamizi lililetwa Machi 2022. Muda wetu wa kweli, ule wa laki tano, ulikuwa unaishia Novemba 2022. Tulikuwa na miezi minane. Katika miezi hiyo tungeweza kuomba kuiondoa kesi wenyewe kwa ruhusa ya kuifungua upya, ipo Amri ya XXIII kwa ajili hiyo, tukalipa gharama za yule bwana kwa usumbufu, tukarudi na hati mpya inayosema ukweli: tulilipwa 500,000 tarehe fulani, zimebaki 37,900,000. Badala yake kesi iliahirishwa na kuahirishwa. Msimamizi wetu hayupo, msimamizi wao ana dharura, maandishi hayajawasilishwa. Kila tarehe mama mdogo alifunga biashara, akavaa kitenge chake cha kanisani, tukakaa kwenye benchi, tukarudi. Msimamizi wetu aliomba kurekebisha Januari 2023. Wakati huo laki tano nayo ilikuwa imeshaoza.

Ombi likakataliwa, pingamizi likakubaliwa, kesi ikatupwa. Nasema ikatupwa kwa makusudi. Kesi inayoondolewa kwa kasoro ya kiufundi unaweza kuirekebisha ukarudi nayo. Iliyotupwa kwa ukomo wa muda hairudi, unabakiwa na rufaa. Mama mdogo alipoelezwa rufaa ina gharama gani, alitikisa kichwa akasema twendeni nyumbani.

Jaji mmoja wa Mahakama Kuu, katika shauri la John Cornel dhidi ya A. Grevo la 1998, aliifananisha sheria ya ukomo na upanga usio na huruma, unaokata kila anayenaswa. Wanasheria wanapenda kuutaja mfano huo. Mimi nilimwona aliyekatwa. Tulipanda daladala kutoka mahakamani, akakaa dirishani, na tulipofika Mwaloni aliteremka akaenda moja kwa moja kwenye magunia yake kugeuza dagaa kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja.

Nimeshaulizwa kama ninataka sheria hii ifutwe. Sitaki. Ningekuwa nadaiwa kwa jambo la 1999, shahidi wangu kafa, stakabadhi zangu zimeliwa na mchwa, ningetaka sheria hii inilinde. Miaka sita kwa mtu anayejua ni mingi. Ubaya ni kwamba anayejua ni mdaiwa mwenye mwanasheria, na asiyejua ni yule anayedai. Leseni ya biashara tulilipia, ushuru tulilipia, tulihudhuria mafunzo ya usafi wa dagaa na mafunzo ya mikopo. Hakuna mafunzo hata moja ambapo mtu alisimama akasema: akina mama, deni lina tarehe ya kufa. Tunafundishwa kukopa, tunaambiwa kukopa harusi kulipa matanga, lakini anayekopesha hafundishwi lolote isipokuwa kuvumilia. Na watu wanaojua kuutumia uvumilivu wa wenzao wapo wengi ziwani hapa.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao nao hatukuambiwa. Watu wanadhani hakimu anaweza kukuongezea muda wa kufungua kesi ukimweleza shida zako. Hawezi. Anaweza kuongeza muda wa rufaa na wa maombi mengine ukiwa na sababu ya kutosha. Kwa kesi yenyewe, mwenye mamlaka hayo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa. Kwa deni la mkataba ni miaka mitatu juu ya ile sita. Ni mlango mwembamba na uko mbali, lakini mtu angebisha hodi kabla ya kufungua kesi kama angeujua.

Tangu wakati ule, mtu wa Mwaloni akinijia na deni namuuliza mambo matatu tu kabla sijasikia hadithi: alipaswa kulipa lini, alilipa chochote lini, na aliwahi kuandika nini. Kama alilipa hata elfu kumi, iandikwe. Usiione aibu na usiifiche, kwanza ni kweli, na kudai fedha uliyokwisha kupewa si haki. Kama mdaiwa ni wa kubembeleza kwa simu, mwambie kwa upole akukirie kwa maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayatambua maandishi ya kielektroniki, kwa hiyo usifute ujumbe wowote, lakini karatasi yenye saini yake inakupunguzia ubishi. Fanya hivyo muda ukiwa bado hai.

Mwezi uliopita, siku za mbalamwezi, jirani yetu mmoja wa magunia alikuja na mdaiwa wake. Kijana mstaarabu, ana mtumbwi na taa nne, alichukua nyavu kwa mkopo 2021 na biashara ikamwendea vibaya. Hakukataa kusaini, alisema hata yeye anapenda ijulikane kabaki na kiasi gani. Tuliketi juu ya magunia. Nikaandika: mimi fulani wa Kirumba nakiri kwamba hadi leo nadaiwa na fulani shilingi 4,150,000, baki ya bei ya nyavu nilizochukua mwezi wa nane 2021, na kwamba nimeshalipa 850,000 kwa awamu tatu. Akasaini, na mashahidi wawili wakasaini, mmoja kwa dole gumba lililokuwa na magamba.

Mama mdogo alikuwa pembeni anapepeta dagaa. Siku hizi hapendi kuzungumzia kesi. Aliacha ungo, akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake. Akaisoma taratibu mpaka chini, kisha akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "tarehe hujaandika."